Siku Ndoto Alipojifunika Uso

Nyinyi mnaosahau ndoto zenu kabla hata hamjanawa uso, msidhani mna vichwa vibovu. Si kosa lenu. Na nyinyi mnaoamka mnatetemeka kwa sababu mmeota jino limeng'oka, kisha mkaja mbio kwangu kuniuliza ni nani atakayekufa, kaeni chini kwanza. Mimi si mganga. Nitawasimulia nilivyosimuliwa, basi. Ni habari nzito, na sitaipunguza uzito kwa kuwa kuna watoto hapa, maana mtoto ndiye aliyeibeba.

Kulikuwa na wakati, na msiniulize ni lini kwa sababu hata aliyenisimulia hakujua, ambapo Ndoto alitembea uso wazi. Alikuwa mjumbe wa Muumba, na makazi yake yalikuwa kule juu msituni, mahali ambapo ukungu hauondoki hata mchana. Kila usiku aliteremka pamoja na ukungu huo, akaingia nyumba hadi nyumba kwa kupitia mlangoni, kama mgeni anayejulikana, akamwonyesha aliyelala jambo linalokuja. Hakuwa na mafumbo. Akikuonyesha mvua, mvua ilinyesha. Akikuonyesha maharage yaliyotobolewa na wadudu, ukapanda maharage msimu ule, umejitakia mwenyewe. Msichana aliyeonyeshwa kijana fulani akifunga mbuzi uani kwao aliamka akaanza kufagia uwanja, kwani posa ilikuwa njiani. Hata mlafi wa kijiji, na kila kijiji kina wake, akiota anakula ndizi na nyama kwa jirani, jirani aliinjika chungu bila kunung'unika. Angebishana na nani?

Watu hao waliishi mlimani, na kilimo chao kilitegemea ndiva. Waliokulia mjini labda hawajaiona. Ndiva ni bwawa lenye ukuta mpana wa mawe na udongo. Jioni kijito huelekezwa humo, tundu la chini huzibwa kwa gogo, na maji hujaa usiku kucha. Asubuhi gogo huchomolewa, maji yakateremka mferejini hadi mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Lakini enzi hizo gogo halikuchomolewa mpaka ndoto zisimuliwe. Kulipopambazuka watu walijikusanya juu ya ukuta, majembe mabegani, na msimamizi wa ndiva, Mzee Mrindoko, akauliza, "Nani ameona nini?" Aliyeona alisema. Kazi za siku zilipangwa kwa kufuata maneno hayo, ndipo maji yakafunguliwa.

Sasa, katika yote aliyoyaleta Ndoto, hakuna lililosikilizwa kama habari ya kifo. Kuifikisha ndivani kabla ya mwingine ilikuwa heshima kubwa, na mtu alisifiwa kwayo mpaka uzeeni. Kwa hiyo yeyote aliyeonyeshwa maiti hakuendelea kulala. Aliruka kitandani saa ileile, akachukua shuka lake, akaenda kuketi ukutani kungoja watu waje. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika kuwahi huko.

Na habari ikishasemwa, kijiji kilianza matanga ya mbele. Ndiyo, matanga ya mtu aliye hai, tena amekaa palepale anasikiliza. Jamaa zake walinyoa vichwa. Jembe lake walipewa wengine, na zamu yake ya maji ikagawiwa. Kila mtu alikuja kumshika mkono mara moja, akamwomba radhi kwa lolote lililopita baina yao, na baada ya hapo hakumgusa tena. Huko waliita kumuaga mtu. Aliyekwisha kuagwa hakutajwa kwa jina. Alipewa chakula, wala hakutukanwa, lakini hakuna aliyemwambia "angalia usijikwae," kwa sababu unamwonyaje mtu ambaye safari yake imeshajulikana?

Msifikiri walikuwa makatili. Walijiona wapole kuliko watu wote chini ya jua. Kwao hakuna aliyekufa akidaiwa msamaha, hakuna ndugu waliogombania shamba juu ya kaburi bichi, hakuna mama aliyeletewa habari ya ghafla akaanguka akiwa na chungu mkononi. Kifo kilipofika kilikuta watu wamekwisha kulia. Nami nakiri kwamba ziko siku nimewaonea wivu.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aliyeitwa Nakijwa. Mumewe, Senkondo, alikuwa mtundika mizinga, mtu wa kupanda miti mirefu kwa kamba ili kufuata asali. Mwaka mmoja Senkondo alionwa ndotoni amelala chini ya mti, kamba iliyokatika ikiwa mkononi. Akaagwa. Nakijwa alinyoa, akalia, akamaliza. Senkondo aliendelea kupanda miti yake, maana angefanya nini kingine? Kamba yake ilining'inia ukutani, kando ya mlango, na Nakijwa aliipita kila siku. Aliona nyuzi zake zinavyolika katikati. Aliona, na mikono yake ilijua kusokota kamba kuliko mikono ya wanawake wote wa upande ule. Lakini hakuigusa. Asubuhi moja Senkondo aliichukua, akaenda, na jioni wakamleta amebebwa. Watu walimsifu Nakijwa kwa utulivu wake, na yeye mwenyewe alijiona ametulia.

Senkondo alimwachia mtoto mmoja wa kike, Nambua. Alikuwa kitoto chepesi, chenye maswali mengi, kisichotembea pale ambapo kinaweza kuruka. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota, kwa hiyo kila neno lake lilipita na upepo kidogo. Nakijwa alimpenda kwa namna ya mtu aliyebakiwa na kimoja.

Ikafika asubuhi ambayo watu walimkuta Naetwe ameketi ukutani peke yake, amejifunika shuka. Naetwe alikuwa jirani ya Nakijwa na rafiki yake tangu utotoni. Walichota maji pamoja, waliolewa msimu mmoja, na mmoja akikosa chumvi hakwenda kwa mwingine ila kwa mwenzake. Macho ya Naetwe yalikuwa mekundu.

"Nani ameona nini?" akauliza Mzee Mrindoko.

Naetwe hakumtazama rafiki yake. "Nimemwona mtoto," akasema. "Nimemwona Nambua wa Nakijwa. Amelazwa hapa, juu ya ukuta huu. Maji yanamchuruzika nyweleni, midomo imekuwa rangi ya majivu, hasogei. Mama yake amepiga magoti pembeni, kichwa kimenyolewa. Sisi sote tumesimama tunalia."

Watu wakaguna kwa huzuni. Hakuna aliyemuuliza kama aliona jambo jingine baada ya hapo. Hakukuwa na desturi ya kuuliza.

Nakijwa naye alikuwa mtoto wa watu hao. Hakupiga kelele, hakumrukia Naetwe. Alirudi nyumbani, akakaa kizingitini, akainamisha kichwa, na wanawake wakamnyoa. Nambua alizungukazunguka akiokota nywele za mama yake zilizoanguka.

"Mama, mbona wanakunyoa? Nani amekufa?"

Nakijwa na wale wanawake wakaangalia chini. Kisha wakaja mmoja mmoja, wakamshika mtoto mkono, wakamwomba radhi. Nambua alicheka, kwa sababu hakukumbuka kama kuna mtu mzima aliyewahi kumkosea.

Kuanzia siku hiyo watoto wenzake walikatazwa kumwita jina. Akienda wanapocheza, mchezo ulihama. Akisema, waliangalia pembeni, maana waliambiwa kumzoea aliyeagwa ni kujitafutia kilio. Kijembe chake kidogo alichochongewa na baba yake kilipewa mtoto wa Naetwe. Mama yake alimpa chakula na kumfunika shuka, lakini naye alikuwa amekwisha kugeuza moyo kidogo, kama mtu anayetoa mkono kwenye kitu cha moto taratibu ili asiungue. Msimlaumu sana. Ndivyo alivyofundishwa kupenda.

Mtoto hawezi kuishi bila kuitikiwa. Nambua alitafuta mwenzake kila mahali, na mwisho akampata kwenye ndiva. Asubuhi, kabla gogo halijachomolewa, maji yakiwa yamejaa na kutulia, kulikuwa na mtoto humo ndani aliyemtazama usoni. Akicheka, naye alicheka. Akimwonyesha pengo, naye alimwonyesha pengo. Watu wazima walimwona akilala kifudifudi ukingoni, akizungumza na maji, wakatikisa vichwa, wakapita. Walijua anakoelekea. Ingekuwa ni mtoto mwingine wangemfinya masikio wakampeleka kwa mama yake.

Hapo ndipo mimi hukasirika kila nikiisimulia habari hii. Ndoto alionyesha mtoto na maji. Lakini ni nani aliyemsukuma mtoto kwenye maji yale?

Siku yenyewe ilipofika haikuwa na dalili yoyote. Watu walikuwa wamejikusanya ukutani kama kawaida, Mzee Mrindoko ameshika fimbo yake, bado hajauliza swali lake. Nambua alikuwa ng'ambo ya pili, amelala kwenye utelezi, anainama zaidi na zaidi ili amnong'oneze yule mwenzake. Udongo ukamomonyoka chini ya kifua chake. Hakupiga hata kelele. Palisikika kishindo kidogo tu, kama cha mtungi unaotumbukizwa kuchota.

Na watu wale, watu wa nyumba zote za mteremko, wenye mikono na majembe marefu, wakasimama. Mzee Mrindoko akavua kofia yake. Wanawake wakaanza kulia kwa sauti ya chini. Hakuna aliyesogea.

Nakijwa alikuwa anapanda njia ya ndiva akiwa na jembe begani. Alisikia kilio, akainua macho, akaona watu wamesimama wameelekea majini. Alijua palepale. Na wakati huohuo, sijui kwa nini, hakumwona Nambua mbele yake. Aliiona kamba ya Senkondo ikining'inia kando ya mlango. Aliziona zile nyuzi zilizolika, na vidole vyake mwenyewe vikiipita. Mwanamke yule akaelewa jambo ambalo hakuna mtu wa mlima ule aliyewahi kulielewa, akatupa jembe, akakimbia, akajitupa ndani ya ndiva.

Watu wa milimani hawajui kuogelea. Maji yalimfika kidevuni na tope likamshika miguu. Alipapasa, akazama, akainuka, na alipoinuka alikuwa ameshika nguo ya mtoto. Akamwinua Nambua juu ya kichwa chake kwa mikono yote miwili, na kila alivyomwinua, ndivyo yeye alivyodidimia. Mtoto alikuwa ananing'inia, hana nguvu.

"Mzee Mrindoko!" akaita. "Naetwe! Nipeni mpini!"

Hakuna aliyetoa mkono. Naetwe alikuwa amejifunika uso kwa viganja. "Mwache, Nakijwa," mtu mmoja akasema kwa upole kabisa, kama anayembembeleza mgonjwa. "Huyo alishaagwa. Usijitese."

Maji yakaingia kinywani mwa Nakijwa. Akayatema, akatoa sauti ambayo waliokuwepo walisema hawakuisahau.

"Na mimi je? Nani ameniota mimi?"

Wakatazamana. Walitafuta katika vichwa vyao, asubuhi baada ya asubuhi, na hawakukumbuka. Hakuna aliyewahi kusimama pale ukutani akasema amemwona Nakijwa maiti. Wala yeyote kijijini hakuwahi kufa bila kuonwa kwanza. Nakijwa hakuwa ameagwa. Zamu yake ya maji ilikuwa bado yake. Kama angekufa mbele yao, lingekuwa jambo lisilo na jina, kifo ambacho Ndoto hakukileta, na damu yake ingekuwa juu ya vichwa vyao wao.

Naetwe ndiye aliyevunjika kwanza. "Mimi sikukuona wewe!" akalia. "Nilimwona mtoto tu, wewe ulikuwa hai, ulipiga magoti!" Akalala kifudifudi kwenye utelezi, akanyoosha mpini wa jembe lake mpaka ukamgusa Nakijwa begani. Mzee Mrindoko naye akafanya jambo ambalo mababu zake wote hawakulifanya. Kabla ndoto hazijasimuliwa, akashuka mferejini, akakumbatia lile gogo, akalichomoa. Maji yakabubujika, yakapita kwa nguvu yakielekea bondeni, yakaingia shamba la mtu asiye na zamu, na hakuna aliyejali.

Walimvuta Nakijwa. Walimwambia aachie alichobeba ili wamtoe vizuri. Hakuachia. Basi ili wamtoe yeye, iliwalazimu kuwatoa wote wawili.

Wakamlaza mtoto juu ya ukuta. Na hapo kila mmoja akasisimka, kwa sababu ilikuwa kama Naetwe alivyosema. Maji yalimchuruzika nyweleni. Midomo ilikuwa rangi ya majivu. Hakusogea. Mama yake alikuwa amepiga magoti pembeni, kichwa kimenyolewa, na wao wote walikuwa wamesimama wanalia. Hakuna kilichopungua. Ndoto alikuwa amesema kweli, kama siku zote.

Wengine walianza kugeuka waende zao. Kwao jambo lilikuwa limekwisha, na kilichobaki kilikuwa kuchimba. Lakini Nakijwa hakugeuka. Alimlaza mtoto kifudifudi kwenye paja lake, akamsugua mgongo, akampiga kwa kiganja, akamsugua tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, mpaka watu wakaona haya kumtazama. Kisha maji yakamtoka mtoto puani, na mengine kinywani, akakohoa kikohozi kibaya cha kukwaruza.

"Mama," Nambua akasema kwa lile pengo lake, "nasikia baridi."

Mngetarajia vigelegele. Hapakuwa na vigelegele. Nakijwa alimvuta mtoto kifuani akamfunika kwa mwili wake, akaanza kulia kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mbele, naye alilia akimtaja Senkondo. Waliosikia jina hilo wakashtuka. Halikuwa limetajwa tangu siku aliyoagwa.

Naetwe alikaa chini kwenye tope. "Mama yangu alionwa ndotoni ana homa," akasema, hamwambii mtu yeyote. "Aliniomba maji. Nikajua ni siku yake, nikasema mwacheni apumzike."

Mzee mwingine akakaa chini, naye anamkumbuka mdogo wake aliyepita daraja bovu huku yeye anamtazama. Mwingine akakaa. Swali la nani alimwacha nani lilikwenda ukutani kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na kila lilipofika lilikuta jina. Hadi jua lilipopanda, kijiji kizima kilikuwa kimekaa kwenye tope la ndiva tupu, kikilia wafu wake upya. Matanga yale hayakuwa kama ya mwanzo. Walilia wafu waliowaacha wenyewe waanguke.

Wapo waliomchukia Nakijwa kwa hilo. Walimwambia wazi kwamba kama angemwacha mtoto azame, wao wangeendelea kulala usingizi. Nakijwa alijua wanachosema, kwa sababu hata yeye hakulala.

Usiku uliofuata watu walizima moto mapema, wakalala wamegeukia ukutani. Waliogopa kuonyeshwa. Ndoto aliposhuka na ukungu wake, alikuta kila uso umefichwa, isipokuwa wa Mzee Mrindoko. Yeye alikuwa mzee, amechoka, na alitaka ajue. Alisimulia baadaye kwamba Ndoto aliingia mlangoni, akaketi karibu na kitanda, na kwa mara ya kwanza akanena. Aliuliza swali moja tu.

"Mbona mlikuwa mnaondoka kabla sijamaliza?"

Ilikuwa kweli. Tangu enzi za mababu, kila aliyeonyeshwa maiti aliruka kitandani ili awahi ukutani. Naetwe angelala kidogo tu, angemwona Nambua anakohoa. Labda aliyemwota Senkondo naye angeonyeshwa nyuzi za kamba, na mkono wa mke ukisokota mpya. Labda asingeonyeshwa kitu. Haitajulikana tena. Muumba alimtuma mjumbe wake ili watu wajue pa kumshika mwenzao mkono, nao wakamfanya hakimu.

Ndoto akainuka. Akavuta ukungu wake, akaufunga usoni mpaka macho yasionekane, akatoka. Hakupita mlangoni.

Na tangu siku hiyo Ndoto haji uso wazi. Huingia kwa kificho, hujui ameingilia wapi. Huchanganya mambo, akampa aliyekufa sauti ya aliye hai, akaweka harusi mahali pa msiba na msiba mahali pa harusi, akakutembeza katika nyumba ambayo ni yako na si yako. Na ukifumbua macho tu, hukusanya alichokuja nacho akaondoka nacho, ukabaki na kipande kimoja mkononi. Wengine husema alifanya hivyo kwa hasira. Mimi sidhani. Nadhani aliogopa. Aliona kwamba tukijua hakika, tunaachiana mikono.

Kwa hiyo mkiniuliza kama ndoto inaweza kukuonyesha kesho, nitawaambia inaweza. Yuleyule mjumbe bado anatembea, na hajajifunza uongo. Lakini amejifunika, nasi hatujui lipi ni uso na lipi ni ukungu, wala hatujui kama alikuwa amemaliza. Anayekwambia yeye anajua, mpe chai, msikilize, mrudishe kwao.

Nambua alikua. Akaota meno yake, akaolewa nyumba ya pili kutoka kwa mama yake, akazaa. Nakijwa hakuwa na namna tena ya kujua ni siku gani, kwa hiyo alimwendea kila asubuhi. Alibisha, akaingia, akamshika mkono binti yake kidogo, akauliza ameamkaje, akarudi kwake. Nambua alimzoea. Wakati mwingine alikuwa anakanda unga, akampa mama yake kiwiko. Kisha siku moja, akiwa mama mtu mzima, Nambua aliinama kufunga mzigo wa kuni na hakuinuka. Hakuna aliyemwota. Hakuna aliyekuwa amenyoa. Nakijwa aliletewa habari ya ghafla, ile ile ambayo mababu zake walijitahidi sana kuiepuka, akaanguka chini kama mtu yeyote aliyefiwa.

Wanawake waliokuja kumwinua walimuuliza, kwa sababu watu hawana adabu kwenye msiba, kama hatamani angeonyeshwa mapema ili ajiandae. Nakijwa aliwatazama. "Asubuhi hii nilimshika mkono," akasema. "Ulikuwa na unga."

Na tangu siku hiyo, katika milima ile, mtu akiota mwenzake amepatwa na baya, hatangazi wala hatafuti mtu wa kumtafsiria. Hungoja kupambazuke, akaenda kwa huyo mtu, akamshika mkono, akamuuliza ameamkaje. Hasemi kwa nini amekuja. Desturi imesambaa mpaka kwetu huku, ingawa wengi wanaoifuata hawajui ilikotoka. Kwa hiyo asubuhi ukibishiwa hodi, ukafungua, ukamkuta jirani hana ombi wala habari, amekushika mkono tu na hauachii upesi, usimuulize ameota nini. Mwambie umeamka salama, umpe kiti.